Riwaya ya Kikristo ya Mombasa Tayari Ipo, Shida ni Vile Tunaikata

Leo posti ni ndefu. Kama uko kwa matatu na bando inakaribia kuisha, ihifadhi, utaisoma ukifika nyumbani na mahamri yako.

Kwanza niweke wazi: mimi ni wa Tudor. Na hapana, si Tudor ya Mfalme Henry na wake zake sita. Ni Tudor ya hapa kisiwani, yenye Moroto upande wa maji, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi wakijazana barabara ya Tom Mboya, na mikoko inayoanza kunuka maji yakipwa. Nasema hivi manake riwaya nyingi za Kikristo nilizosoma nikikua zilihusu Tudor ile nyingine, ama mahali panapofanana na pale. Baridi, kasri, farasi, msichana mwenye imani na mwanajeshi mwenye dhambi.

Kuna aina moja nilikuwa naipenda sana. Unajua ile riwaya inayoruka nyakati? Sura ya kwanza ni leo, dada wa mjini amevunjika moyo. Anapanda darini kwa nyanya yake, anapata shajara ya zamani. Sura ya pili ni miaka mia mbili nyuma, mwenye shajara anapitia mateso. Sura ya tatu turudi leo. Mwishoni unagundua maombi ya yule wa zamani yamejibiwa kwa maisha ya huyu wa leo. Unalia kidogo, unafunga kitabu, unalala.

Sasa mwaka huu vijana wa kanisa letu wakaniomba niandike hadithi kama hiyo, ya kwetu, isomwe usiku wa vijana. Nikasema fiti, mbona isiwezekane? Nikakaa chini. Shida ya kwanza: Tudor hakuna dari la kuficha shajara. Tuna dari la panya tu. Shida ya pili ndiyo imenifanya niandike posti hii. Nilipoanza kusoma historia ya Ukristo wa Mombasa, nikakuta hadithi ishajiandika, na ni kali kuliko chochote nilichowahi kusoma. Lakini haikubali kukaa ndani ya ile fomula. Kila nikiivuta ikae, lazima nimkate mtu. Na nilipomkata mtu, rafiki yangu akaumia. Tutafika hapo.

Wacha nikuonyeshe. Huhitaji shajara, unahitaji maji tu. Ule mkono wa bahari tunaoogelea hapa Tudor ndio unaopita chini ya Daraja la Nyali, ukaambaa Mji wa Kale, ukatokea bahari kuu pale Ngome. Kila kitu nitakachokwambia kilitokea kandokando ya maji hayo, ama mwendo mfupi kutoka hapo.

1631: Mfalme aliyekuwa Mkristo

Ngome ya Yesu sote tumeenda na shule. Tumepiga picha na mizinga, tumeambiwa Wareno walianza kuijenga 1593, tumerudi nyumbani. Hakuna aliyenisimulia vizuri kuhusu Yusuf bin Hasan.

Babake, Sultani Hasan, alikosana na Wareno. 1614 akakimbilia bara, akauawa huko kwa mpango wa Wareno wenyewe, na kichwa chake kikapelekwa Goa, India. Mtoto wake Yusuf naye akapelekwa Goa. Hebu isome tena hiyo sentensi. Kichwa cha baba na mtoto wake, mji mmoja.

Huko Goa mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino wakamlea, wakamsomesha, wakambatiza. Akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akaoa Mkristo. 1626 akarudishwa Mombasa awe mfalme, mfalme Mkristo juu ya mji wa Waislamu, akiwa chini ya jicho la kapteni wa Ngome. Habari zilizobaki zinasema alionekana akiomba kwenye kaburi la babake, akiomba kama Waislamu wanavyoomba. Kapteni akaambiwa, na mpango ukawa ni kumrudisha Goa ashtakiwe.

Hakungoja. Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Maria, akaingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Akatangaza amerudi kwenye Uislamu. Wakristo wakapewa chaguo: badilini dini ama mfe. Zaidi ya mia moja waliuawa. Si Wareno peke yao, walikuwemo Waafrika waliobatizwa pia. Kanisa Katoliki linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Mwaka uliofuata Wareno walileta jeshi, wakashindwa kuichukua Ngome, lakini Yusuf mwenyewe akaamua kuondoka kwa meli. Akaishia kuwa haramia, akafa 1638 upande wa Bahari ya Shamu.

Kwa mwandishi wa riwaya ya Kikristo hii ni dhahabu, si ndio? Mashahidi, ngome, msaliti. Nami nikaandika hivyo. Sura yangu ya kwanza ilikuwa ya mama Mwafrika aliyekataa kumkana Yesu, na Yusuf alikuwa shetani mwenye kilemba. Kichwa cha babake nikakiacha nje. Niliona kinaharibu mtiririko.

1844: Kaburi la Mkomani

Ruka miaka mia mbili na kidogo. Mjerumani anayeitwa Johann Ludwig Krapf anafika Mombasa 1844 na mkewe Rosine, ametumwa na jumuiya ya wamishonari wa Kianglikana, CMS. Mwezi wa saba wote wawili wana homa. Rosine anajifungua mtoto wa kike, kisha anafariki. Siku chache baadaye mtoto naye anafuata. Wamezikwa ng'ambo ya pili, Mkomani, na kaburi lipo hadi leo katikati ya majumba ya Nyali. Krapf mwenyewe, hata nguvu za kusimama hana, anawaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara kazi imeanza.

Hapo fomula inafanya kazi safi kabisa. Lakini kuna watu wawili ambao huwa wanapotea kwenye hadithi hii ikisimuliwa makanisani.

Wa kwanza ni Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Krapf hakuingia Mombasa kama mwizi. Alikuwa na barua ya Sultani ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwislamu, Mwarabu wa Oman, tena mtu ambaye utajiri wake ulitegemea mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, ndiye aliyemfungulia mlango mmishonari.

Wa pili ni kadhi wa Mombasa. Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka ule ule wa 1844, aliyemsaidia na lugha alikuwa kadhi. Fikiria hiyo picha. Bwana amekaa na mwanachuoni wa Kiislamu, wanatafuta pamoja neno zuri la Kiswahili la jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi. Hiyo kwangu ni sura nzima ya riwaya. Sijawahi kuisikia ikihubiriwa hata mara moja.

1875: Kengele

Ukitoka Tudor ukapita Buxton, ukavuka daraja, unafika Kengeleni. Makondakta wanapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" na hakuna anayejiuliza ni kengele gani. Iko pale pale barabarani, kwenye mnara wake, imezungukwa na bodaboda. Hiyo ni kengele ya Frere Town.

Mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar ulitiwa saini Juni 1873, baada ya safari ya Sir Bartle Frere. Meli za Uingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa baharini, na swali likawa: hawa watu waliokolewa watakwenda wapi? Kwao ni Malawi, ni Msumbiji, ni bara mbali, na njia ya kurudi ndiyo ile ile ya kukamatwa tena. CMS ikanunua shamba ng'ambo ya kisiwa, na kufikia 1875 mji wa walioachwa huru ukawa umeanza. Ukapewa jina la Frere. Kengele inasemekana ilikuwa ya kuonya watu jahazi la watumwa likionekana.

Waliousaidia sana mji huo kusimama walikuwa Waafrika wa Bombay. Hawa waliokolewa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasoma na kujifunza kazi za mikono, kisha wakarudishwa pwani hii wakiwa watu wazima. Mmoja ni William Jones. 1885 Askofu Hannington alimfanya yeye na mwenzake Ishmael Semler kuwa mashemasi. Miezi michache baadaye Hannington akauawa Busoga akielekea Buganda, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara hadi Rabai, mbele yao bendera ya buluu ya msiba. Mtoto aliyewahi kuuzwa ndiye alileta nyumbani habari za kifo cha askofu Mwingereza. Nani atasema hatuna mashujaa wa riwaya?

Lakini sasa subiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilizuka kashfa kubwa. Msimamizi wa Frere Town, J. R. Streeter, alikuwa anawachapa watu viboko na kuwafungia. Watu waliotolewa kwenye minyororo, chini ya kengele ya uhuru, wanachapwa na Mkristo. Habari zikafika kwa balozi mdogo wa Uingereza na hadi London.

Kisha kuna watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakajificha misheni. Hapa Waingereza walikuwa na kigugumizi, manake utumwa wenyewe ulikuwa bado halali kwa sheria ya Sultani, na hawakutaka kugombana na wenye mashamba. Huko Rabai, Jones aliwapokea. Wakawa wengi hadi kampuni ya Imperial British East Africa ikalazimika kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikagawiwa kwa watu zaidi ya 1,400. Fidia ilikwenda kwa nani? Kwa mabwana. Mtumwa alipata karatasi. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Mombasa hadi 1907.

1934: Mtu ambaye tayari aliiandika

Nilipofika hapa nilijiona mimi ndiye wa kwanza kufikiria riwaya hii. Kumbe! 1934, London, Sheldon Press ilichapisha kitabu cha Kiswahili kinachoitwa Uhuru wa Watumwa. Mwandishi ni James Mbotela, mtoto wa Frere Town, ambaye babake alikuwa Myao aliyetekwa na kuokolewa baharini na meli ya Waingereza.

Kitabu kinaanza bara kabla ya kutekwa, kinaingia kwenye njia ya mateso, jahazi, kuokolewa, kisha maisha ya Frere Town. Wasomi wa fasihi bado wanabishana kama ni historia ama riwaya, na wengi wanakihesabu kati ya hadithi ndefu za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, mtoto anachukua kumbukumbu za kizazi cha babake, anazishona na maisha yake mwenyewe, na anaona mkono wa Mungu katikati. Ndiyo ile aina ya kitabu niliyoombwa kuandika. Imefanyika ng'ambo ya daraja, miaka mingi kabla nizaliwe.

Na kimelaumiwa sana. Wahakiki, hasa baada ya uhuru wa nchi zetu, walisema Mbotela amewapaka Waingereza mafuta na kuwabebesha Waarabu lawama zote. Ni kweli. Ukikisoma, Mwingereza ni mwokozi na Mwarabu ni jahanamu inayotembea.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga. Mbotela hakuwa mwongo. Kama babako alifungwa na mtu mmoja na kufunguliwa na mwingine, utaandika nini? Kizazi chake kiliona mlango mmoja ukifunguka na kikamshukuru aliyeshika ufunguo. Shukrani si dhambi. Lakini ushahidi wa mtu mmoja si kesi nzima. Mbotela aliandika kile familia yake ilikuwa na haki ya kukumbuka. Sisi tunaoandika leo hatuna kisingizio hicho. Tunajua kuhusu viboko. Tunajua fidia ilikwenda wapi. Tunajua kichwa cha Sultani Hasan kilipelekwa wapi. Tukikata, tunakata tukiwa macho.

Usiku nilioitoa rasimu

Sasa turudi kwa rafiki yangu. Tumekua naye mtaa mmoja. Mamake ananiita mwanangu na Idi sikosi biriani kwao. Nilimpa rasimu asome kabla ya usiku wa vijana, manake yeye ndiye anayenisahihishia Kiswahili siku zote. Tulikaa kule upande wa maji na viazi karai. Akasoma sura ya Yusuf yote bila kusema kitu. Halafu akauliza swali moja tu.

"Kwani babake alikufaje?"

Nikamwambia. Akanyamaza. Akasema, "Wewe ulijua, na ukaacha?"

Jamani, sikuwa na jibu. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Aliniambia hajali Yusuf akiwa mbaya, manake kuua watu wasio na silaha ni kubaya hata akiwa nani. Alichojali ni kwamba kwenye hadithi yangu Yusuf hakuwa na sababu yoyote. Ubaya wake ulitoka kwa dini yake tu. "Na dini yake ni yangu," akasema. Kisha akamaliza viazi vyangu, ndio nikajua bado ni rafiki.

Nikairudia sura. Nikaweka kichwa cha baba, nikaweka kaburi, nikaweka mtoto anayelelewa kwa upendo na watu walewale waliomfanya yatima. Yule mama shahidi nikamwacha, na alipokufa sikupunguza chochote. Nilichogundua ni kwamba kifo chake kilizidi kuwa kizito. Mwanzo alikuwa anauawa na kikaragosi. Sasa anauawa na mtu.

Nilipoipeleka kwa wakubwa wa vijana, mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, akaniambia nimeichafua. "Mwanangu, hadithi ya imani inatakiwa kujenga. Sasa umempa adui utetezi." Tukaongea saa nzima, kwa heshima. Mwishoni haikusomwa. Wakasoma nyingine, ya kutafsiriwa, ya kasri na theluji. Sina kinyongo, kila mtu analinda anachopenda. Lakini nimeifikiria sana.

Ninachoamini

Nafikiri hofu ya yule mzee ni kwamba ukionyesha kila kitu, Mungu atapotea kwenye hadithi. Kwamba ili nyakati nne ziungane lazima uzi uwe mweupe. Mimi naona kinyume. Biblia yenyewe haijakata. Daudi yupo na Bathsheba wake, Petro yupo na jogoo wake. Kama Maandiko yaliweza kubeba aibu ya watu wa Mungu, riwaya yangu ya kurasa sitini ni nani ikatae?

Na kuna jambo la pili, la kwetu sisi wa pwani. Riwaya ya kule Ulaya inaweza kumfanya adui awe mtu wa mbali. Hapa adui wa sura ya kwanza ana wajukuu wanaoishi geti la pili. Ukimwandika vibaya, haumalizi kitabu na kulala. Kesho mnakutana dukani. Hiyo si sababu ya kuficha mauaji ya 1631 ama utumwa. Waarabu na Waswahili walimiliki watumwa, hilo haliondoki, na rafiki yangu mwenyewe hataki liondoke. Ni sababu ya kuandika kila mtu na sababu zake, na kila upande na damu yake.

Nimalizie na hili, limekuwa kichwani wiki nzima. Ukoo huo wa Mbotela ndio uliotupa Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji, Mungu amrehemu. Wazazi wetu wote wanamjua kwa kipindi kimoja: Je, Huu ni Ungwana? Sisi tukisikia ungwana tunafikiria adabu, kutosukumana kwenye foleni. Lakini kwa Kiswahili cha zamani cha pwani hii, mwungwana alikuwa mtu huru. Kinyume cha mwungwana ni mtumwa. Kwa hivyo kwa miaka na miaka, kizazi cha watu waliofikishwa Frere Town kama mateka kilikuwa redioni kikiuliza nchi nzima, wenye mali na wasio nacho: je, huu ni ungwana?

Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kulisikia neno hilo hivyo. Mimi siwezi tena kulisikia vingine. Na hiyo ndiyo sura yangu ya mwisho. Sitaki jibu la maombi lililofungwa na utepe. Nataka swali, lililoanza kwenye jahazi, likapita chini ya kengele, likatoka kwenye redio ya jikoni kwa nyanya.

Rasimu iko. Sura ya Yusuf nitaiweka hapa Jumamosi, yote, pamoja na kichwa cha babake. Wakristo wenzangu, niambieni kama nimemtetea adui. Waislamu, niambieni kama nimewaonea. Na kama nyanya yako ni wa Frere Town ama Rabai na ana stori ambayo haijaandikwa popote, tafadhali, kaa naye wikendi hii umsikilize kabla hujanijibu mimi.